Hakuna Aliyejisaidia Peke Yake: Somo Kutoka Kipkelion



Ukipita stendi yoyote kubwa ya matatu, iwe Kericho, Nakuru au Kisumu, utakuta vitabu vimetandazwa juu ya gunia: Rich Dad Poor Dad, Think and Grow Rich, Atomic Habits, The 5 AM Club. Asiye na pesa ya kununua anatumiwa PDF kwa WhatsApp. Vijana wa rika langu hapa Kipkelion tunavisoma sana, na sina ugomvi navyo. Vimenifunza kuandika matumizi yangu kila jioni, kuweka simu mbali nikisoma, na kuanza kazi bila kungoja hamu ije kwanza. Hayo si mambo madogo.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Ukisoma vitano au sita mfululizo, picha ni ileile. Mtu mmoja, peke yake, anaamka gizani wengine wakiwa wamelala, anajishinda, anafanikiwa. Na usipofanikiwa? Basi ni wewe. Hukuamka mapema vya kutosha. Hukutaka vya kutosha. Kijana amemaliza chuo, mwaka wa tatu huu hana kazi, anasoma kitabu cha nne, na badala ya kupata nguvu anazidi kujichukia. Nawajua vijana wa aina hiyo, na wewe pia unawajua.

Kwa hivyo leo nataka tuangalie historia, manake historia ya hivi vitabu inasema kitu tofauti kabisa na picha iliyo kwenye majalada. Na sehemu ya historia hiyo ilipita hapahapa kwetu.

Nyumba iliyoamka saa nane usiku

Zamani Kipkelion iliitwa Lumbwa. Ndilo jina lililokuwa kwenye stesheni ya reli, ile reli iliyofika Kisumu mwaka wa 1901. Mwaka wa 1956, nchi ikiwa bado chini ya hali ya hatari, wamonaki wa shirika la Watrapisti walikuja hapa kutoka abasia ya Koningshoeven, karibu na mji wa Tilburg kule Uholanzi, wakaanzisha nyumba iliyoitwa Our Lady of Victoria.

Kama hujui mmonaki ni nani, usimfikirie padri wa parokia anayezunguka kuhubiri. Mmonaki anakaa mahali pamoja, na wenzake walewale, wakisali na kufanya kazi za mikono hadi kifo. Maisha hayo yote yanaongozwa na kitabu kimoja kidogo, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kilichoandikwa Italia katika karne ya 6. Kina utangulizi na sura 73, na nyingi ni fupi kuliko posti hii unayosoma.

Sasa, huhitaji kuwa Mkatoliki ili ujifunze kitu humo. Kichukue tu kama kitabu cha kupanga maisha, kisha ukilinganishe na vile vya stendi.

Anza na kuamka. Sura ya 8 inasema kwamba majira ya baridi ndugu waamke saa ya nane ya usiku. Na hapa mtu wa Kiswahili anaelewa haraka kuliko Mzungu wa leo, kwa sababu Warumi walihesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Saa nane ya Benedikto ni saa nane yetu, au karibu nayo. Yaani hawa watu wangekuwa macho kwa saa tatu nzima kabla kengele ya The 5 AM Club kulia saa kumi na moja alfajiri. Na Kanuni yao ilikuwa imetangulia kitabu hicho, kilichotoka mwaka wa 2018, kwa zaidi ya miaka 1,400.

Ukiendelea kusoma utakuta mengine unayoyajua. Sura ya 48 inagawa siku vipande vipande: kazi ya mikono wakati huu, kusoma wakati ule, ili mtu asikae bure. Sura ya 31 inataka anayesimamia mali aviangalie vyombo na vifaa vyote kama vyombo vya altare. Jembe, sufuria, ndoo, vyote vitunzwe. Leo tunaambiwa mambo haya kama siri mpya za mafanikio. Si siri, na si mapya.

Lakini angalia tofauti. Sura ya 22 inaeleza jinsi ya kuamka, na inasema ndugu wahimizane kwa upole, kwa sababu wenye usingizi huwa na visingizio. Nilipoisoma hiyo nilicheka. Benedikto alijua kabisa kwamba mtu akiachwa na nia yake peke yake, atalala. Hakumwambia aongeze nia. Alimpa jirani wa kumgusa bega.

Sura ya 35 inaweka zamu ya jikoni, karibu kila mtu ahudumie wenzake wiki yake ikifika. Sura ya 3 inasema kukiwa na jambo zito, mkuu wa nyumba aite wote watoe maoni, hata wadogo, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Ni nidhamu kali, ndiyo, ila kila sehemu yake inamhitaji mtu mwingine. Huwezi kuitekeleza ukiwa umejifungia chumbani na simu.

Neno lenyewe lilitoka wapi

Utasema wamonaki ni watu wa kipekee, na vitabu vya stendi vina ukoo mwingine. Sawa. Tuufuate huo ukoo.

Kitabu kilichofanya neno la kujisaidia lijulikane kila mahali kinaitwa Self-Help. Kiliandikwa na Mskoti Samuel Smiles, kikachapishwa London mwaka wa 1859. Kiliuza nakala kama 20,000 mwaka wa kwanza, kikatafsiriwa hadi Kijapani. Kimejaa hadithi za watu waliotoka chini wakapanda kwa bidii. Ni kama babu wa vitabu hivi vyote.

Kilizaliwaje? Smiles mwenyewe alieleza kwenye utangulizi. Miaka ya 1840, vijana wachache wa hali ya chini katika mji wa viwanda wa Leeds, Uingereza, walianza kukutana jioni ili wafunzane. Aliyejua kusoma vizuri alimfunza asiyejua, aliyejua hesabu akamfunza mwenzake. Walipoongezeka wakakodi chumba kilichowahi kutumika kama hospitali ya muda ya kipindupindu, chumba ambacho hakuna mtu mwingine aliyekitaka. Hapo ndipo walipomwalika Smiles aje awazungumzie, na maneno aliyowaambia ndiyo baadaye yakawa kitabu.

Umeona? Kitabu cha kwanza kubwa cha kujisaidia kilitokana na watu waliosaidiana. Kama Leeds wangekuwa na neno letu, wangeiita chama.

Na Smiles aliliona tatizo mapema. Kwenye utangulizi wa toleo la 1866 alilalamika kwamba jina la kitabu lilimponza, kwa sababu waliolihukumu kwa jalada walidhani anasifu ubinafsi. Alisema nia yake ilikuwa kinyume cha hapo, na kwamba wajibu wa kujisaidia unabeba ndani yake wajibu wa kusaidia majirani.

Rudi nyuma kidogo. Benjamin Franklin wa Marekani anapendwa sana na waandishi wa vitabu hivi kwa sababu ya orodha yake ya maadili 13, ambayo alijipima nayo kila siku kwenye daftari. Wanachosahau kutaja ni kwamba mwaka wa 1727 huyohuyo Franklin alianzisha kikundi Philadelphia kilichoitwa Junto. Wanachama walikuwa watu wa kazi za kawaida na wafanyabiashara wadogo, wakikutana kila Ijumaa jioni kuulizana maswali. Kutoka kwenye duara hilo ndiko kulikotoka maktaba ya kuchangiana ya mwaka wa 1731.

Nenda mbele kidogo. Dale Carnegie, yule wa How to Win Friends and Influence People cha 1936, alikuwa mwalimu wa madarasa ya jioni ya YMCA mjini New York tangu 1912. Kwa zaidi ya miaka 20 aliwasikiliza watu wazima wakisimama mbele ya wenzao na kuongea huku wakitetemeka. Kitabu kilikuja baadaye.

Kwa hivyo mtindo ni huohuo: kikundi kwanza, kitabu baadaye. Kisha kitabu kinasafiri, kinafika kwa msomaji mbali sana, bila kile kikundi. Msomaji anapata maagizo lakini hapati watu. Halafu akishindwa tunamwambia hana nidhamu.

Na huku kwetu je?

Huku kwetu hakuna aliyehitaji kuambiwa haya na Leeds. Wakipsigis walikuwa na kokwet, majirani wanaokaa pamoja kuamua mambo ya mahali pao. Walikuwa na ibinda, rika la watu wanaotahiriwa pamoja na kuitana ndugu hadi uzeeni. Ukienda vibaya, rika lako linakuambia usoni. Hiyo ilikuwa kazi ya kengele ya saa kumi na moja.

Hata majani chai yetu yanafundisha hivyo. Ndiyo, kuchuma chai ni mfano mzuri wa tabia ndogondogo: majani mawili na kichipukizi, kisha unarudi kwenye mche uleule baada ya wiki moja au mbili, mwaka baada ya mwaka. Ukiacha tu, mche unakimbia juu unakuwa mti. Somo hilo lipo kwenye Atomic Habits na lipo shambani kwa nyanya yangu. Lakini mwenye nusu ekari hawezi kujenga kiwanda cha chai peke yake, hata aamke saa ngapi. Wakati wa ukoloni Mwafrika alizuiwa kwa miaka mingi hata kupanda hiyo chai. Wakulima wadogo walipata nguvu pale walipopangwa pamoja chini ya KTDA, iliyoanzishwa mwaka wa 1964, wakapeleka majani kwenye kituo kimoja na viwanda vyao wenyewe. Na hata hivyo bei inapangwa mnadani Mombasa. Bonasi ikishuka, usije ukamwambia mkulima ati hakuwa na fikra chanya.

Chukua pia Eliud Kipchoge. Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Sote tulivaa lile neno lake kwamba hakuna binadamu mwenye kikomo. Ni neno zuri. Lakini siku ile kulikuwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumtangulia na kumkinga upepo. Nyuma yao kulikuwa na kambi ya Kaptagat, ambako bingwa wa Olimpiki alishika zamu yake ya usafi kama wengine. Ukiichukua kauli ukaacha wale 41, umechukua nusu ya hadithi.

Hapa ndipo pagumu

Nikiishia hapa nitakuwa nimesema tu "ungana na watu, utafaulu", na hiyo ingekuwa rahisi mno kwa mtu wa Kipkelion. Kwa sababu sisi tunajua vikundi vinaweza kufanya nini.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, Kenya iliwaka. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Kipkelion na Londiani ni kati ya sehemu zilizoungua. Haya ni maeneo ambayo baada ya Uhuru watu wa makabila mengi walinunua mashamba, wakawa majirani, watoto wakasoma pamoja. Nilikuwa mtoto mdogo wakati ule. Ninachokumbuka ni moshi, na madawati ambayo shule ilipofunguliwa hayakuwa na watu.

Sasa nisikilize vizuri. Waliochoma nyumba hawakukosa nidhamu. Waliamka mapema. Walijipanga. Walikuwa na lengo, walikuwa na umoja, na hawakukata tamaa njiani. Karibu kila kitu ambacho kitabu cha kujiendeleza kingekuomba uwe nacho, walikuwa nacho. Kilichokosekana ni swali moja ambalo vitabu vingi vya stendi havikuulizi: hiyo nidhamu yako inamfanyia nini jirani yako?

Benedikto aliuliza. Sura ya 53 ya Kanuni inaagiza kila mgeni anayefika apokewe kama Kristo mwenyewe, na zaidi maskini na msafiri. Katika siku zile za mwanzo wa 2008, watu waliofukuzwa makwao walikimbilia kwenye nyumba ya wamonaki wa Kipkelion. Milango ilifunguliwa. Lakini nyumba yenyewe haikudumu. Mwaka huohuo wa 2008, baada ya miaka 52, wamonaki waliondoka Kipkelion wakahamia Uganda, upande wa Masaka.

Watu wanaowekewa nadhiri ya kutulia mahali pamoja wakalazimika kuhama. Nadhiri hiyo ipo kweli. Mtrapisti anaahidi utulivu, kwamba hatatangatanga. Je, waliivunja? Nimefikiria sana hilo. Jibu langu ni hapana, kwa sababu sura ya 4 ya Kanuni inapomaliza kuorodhesha vifaa vya matendo mema inasema karakana ya kuvitumia ni nyumba ya watawa pamoja na kudumu katika jumuiya. Jumuiya ilihama, wao wakahama nayo. Walipoteza ardhi na majengo, lakini kile kilichofanya maisha yao yawe na maana walikibeba.

Sisi tuliobaki ndio tuliopoteza. Tulibaki na mashamba na majengo, na majirani wametoweka.

Basi tufanye nini na hivi vitabu?

Tusivitupe. Mimi bado navisoma, na nikipata kipya kesho nitakinunua. Nasema tu virudishwe mahali vilipozaliwa, yaani katikati ya watu. Haya ndiyo ninayojaribu na ninayowaomba mjaribu.

Soma na wenzako. Kitabu kimoja, watu wanne au watano, sura moja kwa wiki, hata kama ni chini ya mti au nyuma ya duka. Kila mmoja aseme amejaribu nini wiki hiyo, si ameelewa nini. Vijana wa Leeds walianzia kwenye chumba cha wagonjwa wa kipindupindu, kwa hivyo usiniambie hamna ukumbi.

Tafuta mtu wa kukugusa bega. Ukitaka kuamka mapema, kuacha pombe, kuweka akiba, mwambie mtu mmoja, na yeye akuambie lake. Visingizio vyako huvisikii vizuri ukiwa peke yako.

Wekeni zamu. Kama kikundi kina mtu mmoja anayechemsha chai kila siku na mwingine anayeongea kila siku, hicho si kikundi, ni mkutano wa bosi na wafanyakazi. Na mkikata shauri, anayeongea wa kwanza awe mdogo wenu.

La mwisho ndilo gumu. Hakikisheni kuna mtu asiye wa ukoo wenu, asiye wa kabila lenu, asiyepiga kura kama nyinyi. Chama cha watu wanaofanana kinaweza kununua ng'ombe na hata ploti. Lakini siku nchi inapotikisika, chama hicho kinaweza kugeuka kuwa kitu kingine kwa usiku mmoja. Tuliona. Kikiwa na jirani ndani yake, itakuwa vigumu zaidi.

Na wewe kijana uliyesoma vitabu vinne na bado hujapata kazi, sikia: hukushindwa na kitabu, na si kwamba hutaki vya kutosha. Umepewa mazoezi ya watu wengi uyafanye peke yako. Wiki hii, kabla hujanunua cha tano, piga hodi kwa mtu mmoja umuulize kama angependa msome pamoja kile ambacho tayari unacho.